Picha ya Rael Niliyoikausha

Hii habari naianza nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu hata leo nikimwona mtu wa Moi's Bridge navuka barabara, na watu wa Moi's Bridge ni wengi kuliko mnavyodhani.

Nilikuwa msaidizi wa chumba cha eksirei katika hospitali moja hapa Eldoret, miaka ile picha ya Rais ilituangalia kutoka kila ukuta, hata wa chumba cha giza. Nilikuwa nimemaliza fomu foo kwa masomo ya usiku, nikajiona profesa. Kazi yangu ilikuwa kuosha filamu kwenye dawa na kuzitundika katika kabati la joto zikauke, na kwa miaka sita nilikausha, wacha niseme, mbavu za nusu ya Uasin Gishu. Ndipo ikaletwa mashine ya kuangalia mtoto tumboni, na juu yake kamashine kadogo kama redio, kanachapa picha kwa joto tu, bila dawa, kwenye karatasi laini. Fundi wa Nairobi alitufundisha kukatumia, lakini mimi nilikuwa nimeenda kutafuta chai (ya kunywa).

Rael alikuja kutoka Moi's Bridge na mama mkwe wake. Alikuwa amepoteza mimba mbili, na huyo mama alishatangaza kwa majirani kwamba hata ya tatu ni ugali tu.

"Mwanangu ataamini karatasi," mama akasema. "Bila karatasi, huyu anarudi kwao."

Daktari akampima, akamwona mtoto, akachapa picha. Ilikuwa ya mwisho kwenye rola ya karatasi, maana siku ya kufungua mashine wageni wote walichapiwa matumbo yao (mwenyekiti wa kamati alikuwa na gesi). Akanipa nimpelekee Rael, akaenda zake kliniki ya mjini.

Nikaishika. Ilikuwa na joto, inateleza, na mkono wangu wa miaka sita ukaniambia hii bado mbichi. Nikaitia kabatini, nikatoka nje kuwaeleza watu wa benchi maajabu ya sayansi, kisha nikarudi, nikaitoa kwenye taa nyekundu ya chumba cha giza bila kuitazama, nikaja nikaiinua mbele yao kama refa.

Nyeusi kama tako la sufuria.

"Daktari, huyo mtoto amezima taa?" mzee mmoja akauliza, na benchi lote likacheka.

Mama mkwe hakucheka. "Nilisema. Hakuna mtu humo."

"Daktari," Rael akaniambia polepole (koti jeupe linatosha kukufanya daktari), "waambie umeifanya nini."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Badala yake nikarekebisha kola, nikasema, "Wakati mwingine mashine hukosa kitu cha kuona."

Rola mpya ilifika baada ya miezi mitatu. Rael alikuwa amesharudishwa kwao.

Alikuja tena kliniki ya watoto, peke yake, na msichana mnono mgongoni. Nilitaka kumsalimia mtoto, nikanyoosha mkono.

"Huyu usimkaushe," akasema, akapita.

Siku hizi kitu kisicho na maji sikikaushi, na nikiharibu nasema nimeharibu, kwa sauti, benchi lote lisikie. Lakini ile karatasi iliunguzwa na kabati. Rael nilimwunguza kwa mdomo wangu.