Otmar na Kanuni ya Kuhamisha

Misimu ya pamba ilikuja ikapita, wakuu wa kazi wakabadilika, na Otmar wa Ushirombo akazidi kuota mvi akiihudumia kompyuta moja katika mgodi wa almasi karibu na Songwa. Ilipofika miaka ya themanini, watani wake walidai kwamba huiamkia kila asubuhi.

Kilichomvutia ni busara ya kompyuta hiyo katika dhiki. Kumbukumbu ya mtambo ule ilikuwa finyu, imegawanywa kurasa kurasa. Ilipojaa na kazi mpya ikabisha hodi, mtambo uliutafuta ukurasa uliokaa muda mrefu zaidi bila kuguswa, ukauhamishia kwenye diski. Na ukihitajiwa tena, hurudishwa, ingawa kwa mwendo wa kinyonga.

Basi zilipokuja habari kwamba mama yake, Bibi Epifania, anahamia katika nyumba yao ya chumba na sebule, Otmar alitangaza kuwa vyombo vitapunguzwa kwa kanuni hiyo hiyo, vikahifadhiwe kwa nduguye Donatus, Kahama. Mkewe Mektilda hakupinga. Aliomba kimoja tu kisiondoke: mbeleko ya ngozi ya mbuzi, iliyoning'inia nyuma ya mlango tangu binti yao wa pekee, Klara, alipojifunza kutembea. Klara sasa alikuwa darasa la tano.

Otmar aliitazama mbeleko kwa huruma ya kitaalamu, akaifunga mzigoni kabla ya kitu kingine chochote. Redio yake mbovu, ambayo kila jioni aliizungusha vifundo bila kuambulia hata mkwaruzo, ilisalimika kihalali, maana iliguswa kila siku.

"Baba Klara," Mektilda aliuliza kwa upole, "mtambo wako huyajua ya kesho?"

Otmar alikiri kuwa hauyajui. Hukisia tu kwa kuyatazama ya jana.

"Mimi ya kesho nayajua. Mbeleko hiyo itahitajika kabla pamba haijavunwa."

Otmar alibaki ameshika kamba. Maana ya maneno yale ilimjia taratibu, kama ukurasa unaotolewa diskini.

"Tangu lini, Mama Klara?"

"Ungenitazama mimi nusu ya unavyoitazama kompyuta, usingeuliza."

Otmar aliufungua mzigo, akairudisha mbeleko mahali pake, kisha akaibeba redio mwenyewe hadi kwenye lori la kwenda Kahama, huku mkewe akimhimiza aiage vizuri.

Mwenyezi Mungu amjalie Otmar macho ya kuwaona walio karibu naye, amvushe Mektilda salama, ampe Bibi Epifania uzee wa raha, na amlinde Klara pamoja na huyo anayemfuata, wao na vizazi vyao. Amina.