Jenereta Imeenda Harusini

Juzi jioni umeme ulikatika katika hoteli moja hapa Arua, ya marumaru mpaka chooni. Mfanyabiashara wa Juba akateremka na kompyuta mkononi. Betri ilikuwa inakata roho, na zabuni yake ilikuwa bado haijatumwa.

“Dada, nyinyi mulisema jenereta iko.”

Mhudumu akapangusa kaunta iliyokuwa safi tayari. “Iko, mzee. Leo imeenda Koboko. Binti ya bosi anaolewa.”

Yule bwana akaifunga kompyuta polepole. “Mimi natoka Koboko leo asubuhi. Nilifuata umeme huku.”

“Pole, mzee,” akasema mhudumu, akimsogezea mshumaa kwa mikono miwili, kwa heshima zote za hoteli kubwa.

Hotelini simlaumu mtu. Mgeni ndiye mwenye haraka: angetulia Koboko, zabuni ingekwenda, na pilau angekula bure.