Nilifungua stata ya gari mwenyewe, wiki ambayo mama alipaswa kwenda Kilambo

Wakuu, heshima kwenu nyote, mlioko maofisini na mlioko vijiweni.

Haya yamenitokea mimi, hapa Likombe, Mtwara. Sina sababu ya kuyapamba. Ningekuwa mtunzi wa haya, ningeyamaliza vingine.

Mama yangu ana dada mmoja tu, mkubwa wake. Sisi tunamwita Mama Mkubwa. Aliishi Kilambo, karibu na mto Ruvuma. Mwezi huo aliugua, hali ikawa mbaya, chakula kikamshinda. Mama alitaka jambo moja: amkute anapumua, waongee Kimakonde chao, wasameheane ya utotoni.

Mama ana nyonga mbovu, bodaboda hawezi kupanda. Tumaini lilikuwa gari langu, kigari cha mtumba, automatic.

Jumatatu nikageuza ufunguo. Likasema "ka!", kisha kimya. Taa zinawaka vizuri, betri nzima. Nikajua ni stata, ile mota ndogo inayoigutua injini.

Mama akasema, "Mwanangu, tukodi tu gari la watu, twende."

Nikamjibu, "Mama, tukodi la nini na letu lipo uani? Nipe mpaka Alhamisi."

Jibu hilo, wakuu, nalitafuna mpaka leo kama mchanga kwenye wali.

Nilishaangalia video tatu. Nikachomoa waya wa betri kwanza (hilo nililipatia), nikafungua bolti mbili, nikaitoa stata. Nyeusi, nzito, kutu imeifuata mpaka ndani. Nikatandika mkeka barazani nikaifungua kipande kimoja kimoja, nikivipanga kwa mfuatano nisije nikasahau.

Kaboni, vile vidonge vinavyopitisha umeme kwa kusugua shaba, zilikuwa zimelika, zimebaki vijipande. Nikaenda duka la spea mjini. Muuzaji, mzee wa Kihindi, akazigeuza kiganjani.

"Fundi wako nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Haya bwana. Ukimaliza kufunga, vyuma vikibaki mkononi, usiniletee mimi."

Tukacheka wote.

Nikapiga msasa pale kaboni zinaposugulia. Shaba ikaanza kutoka chini ya weusi, nyekundu, mbichi, kama ngozi mpya chini ya kidonda. Nilisahau kula. Nilijiona mtu wa maana sana siku ile.

Hapo ndipo nilipokosea.

Sisi wa huku kutu ni jirani yetu, na dawa yake tunayoijua ni petroli. Mnyororo wa baiskeli, bawaba za mlango, vyuma vya cherehani, vyote tunalowesha. Nikachukua ndoo, nikazamisha kila kitu, pamoja na ile gia ndogo ya mbele inayochomoza kwenda kushika injini. Vikakaa humo siku nzima. Petroli ilipokuwa nyeusi nikafurahi, nikadhani ni uchafu peke yake unaotoka.

Jumatano alasiri nikaunganisha. Nikaijaribu kwa betri pale chini, ikazunguka, vuuu! Nikaifunga. Gari likawaka mara moja.

Mama alitoka jikoni anapiga makofi. Akampigia simu Zuhura, binti wa Mama Mkubwa, akamwambia gari limepona, kesho asubuhi tunakuja. Akaanza kufunga sukari na kanga mpya kwenye mfuko.

Alhamisi simu ikaita kabla hatujanywa chai. Zuhura.

"Kaka, mama ametutoka. Wazee wamesema anazikwa baada ya adhuhuri. Mlete Mama Mdogo amuone uso kabla hajafunikwa."

Kwa wasiojua: kwetu Waislamu maiti hacheleweshwi, na kule wanawake hawaendi makaburini. Mama angemuona dada yake ndani ya nyumba, au asimuone tena kabisa.

Muda ulikuwepo. Kwa gari tungefika mapema na kupumzika. Mama akakaa kiti cha mbele, halii, mikono juu ya mapaja. Nikageuza ufunguo.

Vuuuuu.

Stata inazunguka peke yake, injini haijagutuka. Tena. Vuuuuu. Tena.

Majirani wakaja, maana kwetu gari likikataa hakuna anayeitwa, watu wanatokea tu wamekunja mikono ya mashati.

"Ingiza gia ya pili, tukisukuma uachie klachi!"

"Ni automatic, haina klachi."

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Basi hili hata msaada halitaki."

Nikampigia fundi mmoja wa mtaa wa Chuno. Akaja na boda, akasikiliza mara moja tu.

"Uliiosha na nini?"

"Petroli."

"Na gia ya mbele?"

"Niliilowesha."

"Uliilowesha!" Akashika kiuno. "Mtaalamu wa video, ile ina grisi yake ndani, imefungiwa kiwandani. Inafutwa na kitambaa tu. Wewe umeiosha kama sufuria; jana ilishika kwa bahati, sasa inateleza. Mpaka nipate nyingine na kuifunga, hesabu muda wa saa nne."

Saa nne hatukuwa nazo. Nikakimbilia barabarani. Gari la kukodi halikupatikana. Bajaji mbili zilikataa njia ile, ya tatu ikakubali, jua likiwa limekaribia utosi. Kila shimo mama alishika nyonga yake, hakutoa sauti. Ningefurahi angenitukana.

Tulifika wanaume wanarudi kutoka makaburini, wanakung'uta mchanga kanzuni. Mama aliwaona kabla yangu.

"Usinitazame, mwanangu," akasema.

Ndani, Zuhura akamkumbatia. "Tulikungoja, Mama Mdogo, mpaka wakasema sasa basi. Jana ulipopiga simu nilimwambia gari limepona. Akasema, basi mdogo wangu anakuja. Akataka tumgeuze atazame mlango. Amekufa anautazama."

Wakuu, funzo la ufundi ni hilo: gia ya mbele ya stata usiiloweshe. Futa, rudisha.

La pili ni kwamba Jumatatu magari ya kukodi yalikuwepo. Jumanne yalikuwepo. Mimi nilikuwa barazani nasugua shaba.

Gia mpya imefungwa, gari linawaka kila asubuhi. Mama hajalipanda tena, na wala hajanilaumu.

Aliyewahi kumchelewesha mzazi wake namna hii aniandikie hapa chini alianzaje kumwomba radhi. Mimi kila nikifungua mdomo, naishia kumuuliza kama amekunywa chai.