Gomesi ya Mtihani

Nilikuwa nimeshona gomesi, zile nguo ndefu za heshima za wanawake wa Uganda, miaka kumi na mmoja kwenye baraza la duka moja Tororo kabla ya kuambiwa kwamba sijui kushona. Kituo cha ufundi cha wasichana kilitaka mwalimu wa cherehani. Nikaenda na gomesi mbili mkononi kama ushahidi. Mkuu wa kituo akazisifu, akazikunja vizuri, akaniuliza cheti kiko wapi. Ndivyo nilivyojikuta, na umri wangu huu, nimeketi darasani na wasichana waliomaliza shule juzi, nikisomea ubunifu wa mitindo.

Walitufundisha kuchora wanawake wenye shingo ndefu na miguu isiyoisha. Sijawahi kumpima mwanamke wa namna hiyo, lakini nilimchora. Wakasema nibandike picha kwenye kadibodi ili ionekane nguo yangu imetokana na hisia gani. Nguo zangu zote zimetokana na mtu kuniletea kitambaa na kusema harusi ni Jumamosi. Hata hivyo nilibandika majani na mawingu, nikapata alama nzuri, nikarudi nyumbani nimenuna. Haya yote niliyavumilia. Kilichonifika kooni ni dami.

Dami ni kiwiliwili cha kitambaa, hakina kichwa wala mikono, kimesimama juu ya mti wa chuma, nacho ni cha kujaribia nguo. Chuo kilikuwa na moja tu. Ilikuwa na kiuno cha nyigu na mabega yaliyolingana kama rula, na sheria ilikuwa kwamba nguo ya mtihani wa mwisho lazima ikae juu yake.

Nguo yangu ya mtihani ilikuwa gomesi, na nilikuwa nimeishona kwa ajili ya mama. Kitambaa alikichagua mwenyewe, cha zambarau chenye maua ya dhahabu, na alikuwa ameshawatangazia wanawake wenzake wa kanisani kwao Merikit kwamba siku ya mahafali atavaa nguo iliyonipa cheti. Sasa, mama alianguka na baiskeli nikiwa mdogo, akavunjika mtulinga, na mfupa ukaunga vibaya. Bega lake la kushoto liko chini kwa vidole viwili. Angevaa sweta usingeona. Lakini gomesi ni nguo ya mabega: mikono yake husimama na ncha, na vifungo vyake viwili viko kushoto hapo hapo. Kwa hiyo miaka yote nilikuwa nikimkatia upande huo kwa namna yake, bila karatasi, kwa jicho tu, na kuongeza kitambaa kigumu ndani ili ncha zisimame sawa. Kanisa zima halikuwahi kujua.

Mwalimu wetu, kijana mtanashati aliyevuka Malaba kila asubuhi kutoka upande wa Kenya, aliivalisha dami ile gomesi, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja uso. Ncha ya kushoto ilikuwa imechomoza juu kama sikio la mbuzi. Nilimweleza habari ya mama, baiskeli na mtulinga. Nikaomba nimlete mama siku ya mtihani, mtahini amwone ameivaa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, na adabu yake ndiyo iliyonichoma zaidi.

"Mama, hapa hatumshonei mtu," akasema. "Tunashona saizi. Ikikaa kwa dami, umepita. Isipokaa, umefeli, na mimi siwezi kukusaidia."

Nilitaka kumuuliza hiyo saizi inasali kanisa gani. Sikumuuliza. Nafasi ya ualimu ilikuwa bado inanisubiri, na mkuu wa kituo alikuwa ameshasema hatangoja mwaka mwingine. Nikakaa chini nikafumua bega la mama, mshono kwa mshono, nikalikata upya kwa vipimo vya kitu kisicho na kichwa. Nilikuwa na hasira hadi nikajichoma sindano mara mbili, jambo linalowapata wanafunzi wa wiki ya kwanza.

Mtahini alikuja, akapitisha kidole kwenye bega la kushoto, akaandika kwamba umaliziaji ni bora. Nikapita. Wasichana walinikumbatia, nami nikacheka nao, ila kicheko kilikuwa cha mdomoni.

Sikuwa na wasiwasi sana, maana nilikuwa nimeacha kitambaa cha kutosha ndani ya mshono. Siku mbili kabla ya mahafali nilikwenda Merikit na mkasi na pini ili niirudishe ilivyokuwa. Mama aliivaa mbele yangu. Bega likashuka, kifua kikajikunja, ncha ya kushoto ikalala. Aliona kwenye kioo. Nikashika mshono nianze kufumua, akanisukuma mkono. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha soko la Busia, anachokitumia akitaka neno liishe:

"Wacha. Hii ndio nguo walimu ilikubali. Wewe nabadilisha, basi si ile."

Nilimbembeleza, nikakasirika, nikamwambia walimu wale hawamjui. Akaivua, akaikunja, akaifungia sandukuni.

Siku ya mahafali aliingia langoni na gomesi imekaa sawasawa, ncha zote mbili juu. Nilidhani ameweka kitambaa ndani. Ilinichukua muda kuelewa: alikuwa amelipandisha bega kwa nguvu zake na kulishikilia huko. Alilishikilia wakati wa sala, wakati wa hotuba zisizokwisha za wageni wa heshima, wakati jina langu linasomwa, na wakati wa picha alizotaka tupige na kila mtu. Mwalimu wangu alipita, akamsalimu, akaniambia unaona, imemkaa.

Nilimnong'oneza mama apumzike kidogo. Akakaza macho mbele.

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa bado liko juu. Nilimfungua vifungo mwenyewe, kwa sababu mkono ulikuwa umekufa ganzi na hakuweza kuutoa kwenye nguo. Nilikuwa namkandakanda bega, machozi yananitoka kwa hasira, yeye akaniuliza kama nguo ilikaa.

Nikamwambia ilikaa.