Ombi Limetumwa: Safari ya Naro Moru

Niliondoka Nyeri kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Kampuni yetu ilitengeneza tovuti ya wafugaji kuitia daktari wa mifugo, na mimi niliajiriwa kuandika majaribio yake: programu inayofungua kivinjari, inabonyeza vitufe kama mtu, kisha inatuambia kwa kijani au nyekundu kama tovuti inafanya kazi. Mama Wambui wa Naro Moru alitupigia simu akilia kwamba aliita daktari na hakuja. Bosi wetu, Mureithi, alitazama skrini yake.

"Majaribio yote ni kijani," akasema. "Huyo mama hajui kubonyeza."

Nikachukua gari la ofisi.

Baada ya Kiganjo, intaneti ya simu ilianza kupotea na kurudi. Ofisini kwetu waya wa intaneti unafika hadi mezani, na kwenye meza hiyo ndipo wataalamu walipoamua mfugaji anaishi vipi.

Naro Moru, Mama Wambui alinipokea zizini. Ng'ombe alikuwa hai, amedhoofika. Ndama wake alikuwa amefukiwa kando ya viazi.

"Ilikuwa inashindwa kuzaa. Nikabonyeza, ikaandika ati ombi limetumwa," akasema. "Sasa ningeita nani mwingine? Nikangoja. Jirani alikuja kuvuta, lakini ndama ilikuwa imeshakufa."

Nilimwomba abonyeze tena kwenye simu yake. Pale zizini hapakuwa na intaneti hata chembe. Skrini ikaandika: Ombi limetumwa.

"Umeona?"

"Nimeona, mama. Pole sana."

Majaribio aliyoyaandika Mureithi kabla sijaajiriwa yalikuwa yakisoma maneno hayo mawili na kushangilia. Hakuna lililouliza kama daktari alipata chochote.

Nyeri, alasiri, niliandika jaribio jipya: kivinjari kifunguke, mtandao ukatwe, kitufe kibonyezwe, kisha tutazame kama skrini inalingana na kilichofika kwa daktari. Likatoka jekundu. Mureithi akaja mbio.

"Futa hiyo! Kesho wageni wanakuja, wanataka kuona kijani."

"Nikifuta, ndama atafufuka?"

"Usiniletee mambo ya ndama hapa."

Sikufuta. Nilirekebisha tovuti iseme: Hakuna mtandao, ombi halijatumwa, mpigie daktari simu. Jaribio likawa kijani. Kesho yake Mureithi aliwaonyesha wageni jaribio hilo, kifua mbele, akiliita ubunifu wake.

Nilichojifunza ni kwamba anayejiuliza maswali rahisi hatakosa majibu matamu. Mureithi hajawahi kufika kwa Mama Wambui. Si mbali, na barabara ni ya lami.