Mama Maswali na Swali Aliloligeuza

Saa tatu asubuhi, lifti imeharibika, na Mama Maswali anapanda ngazi mbilimbili kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi. Ghorofa nzima nyuma yake, bosi wake anahema.

"Bosi, twende! Nyumba ya ishirini hiyo!"

"Tangulia," anajibu bosi, ameshikilia ukingo wa ngazi. "Nakuja na roho yangu, polepole."

Haya msomaji, kitendawili. Kinapimwa kila mwaka, lakini mizani haikipati wala futi kamba haikifikii. Umeshindwa? Basi nipe mji nikwambie: ni namna mgeni alivyouzoea mtaa.

Hiyo ndiyo kazi ya mama huyu wa miaka arobaini na mitatu. Anazungukia familia za wakimbizi zilizoletwa kuishi katika mji huu, tangu mwaka wao wa kwanza hadi wa tano, akiwa na kishikwambi chenye maswali arobaini na sita. Una kazi? Watoto wanasoma? Hospitali unaijua njia yake? Ofisi hujumlisha majibu, kisha huamua msaada uende wapi. Analipwa kwa siku, siku nne kwa wiki. Siku zilizobaki anapiga pasi mashuka hotelini. Jina la Mama Maswali alipewa na watoto wa maghorofa haya.

Leo ana jambo lake. Fomu ya mwaka huu inafungwa saa nane mchana, naye anataka swali lake moja liingie.

Swali la thelathini na moja huuliza: ukipata shida, kuna jirani unayeweza kumwomba msaada? Mwaka jana familia tatu kati ya nne zilijibu hakuna. Ofisi ikaandika kwamba watu hawa hawajazoeana na wenyeji, na sasa inafikiria kulifunga darasa la lugha na chumba cha mikutano cha mtaa, kwamba havisaidii kitu.

"Wanasema hakuna kwa sababu wanaogopa," anaeleza Mama Maswali. "Mimi mwenyewe nilikaa kambini miaka saba. Tuliamini ukisema una kitu, au una mtu wa kukusaidia, mgao wako utapunguzwa. Siku moja maafisa wamekuja, nikasukuma jiko la mkaa uvunguni, likiwa na moto wake! Godoro likaanza kufuka moshi. Afisa ananiuliza, mama, unapika nini? Namjibu, mimi? Hata jiko sina!"

Anacheka mpaka anafuta machozi.

Ndipo akafikiria kuligeuza swali: usimuulize mtu nani anamsaidia, muulize nani huja kuazima kwake. Bosi akampa nyumba ishirini za kujaribia. Kumi na tisa zimejibu vizuri mno, na hapo ndipo bosi alipotia shaka. Kasema leo anakuja kuona kwa macho yake.

Nyumba ya ishirini ni ya mzee fundi baiskeli na mkewe. Wana miaka miwili na nusu hapa. Mama Maswali anavua viatu, anaketi kando ya mzee na kuweka kishikwambi katikati yao, ili mwenyeji wake aone kila kinachoandikwa.

"Mzee wangu, ukipata shida, kuna jirani unayeweza kumwomba msaada?"

"Hakuna," mzee anajibu upesi. "Hata mmoja. Andika hakuna."

"Tuko wenyewe tu," mkewe anaongezea kwa sauti ya msibani.

"Haya. Na nani huja kuazima kitu kwako?"

Mzee anajiweka sawa kitini. "Kwangu? Wee! Binti, humo ndani kuna nafasi ya kutosha?" Anaanza kuhesabu kwa vidole. Kijana wa ghorofa ya chini, spana. Dereva wa basi la shule, gundi ya viraka. Mama wa mlango wa pili, pampu.

"Anajitaja yeye tu!" mkewe anadakia. "Na sufuria yangu iko kwa nani?"

"Sufuria imetoka mara moja. Pampu mara nne."

"Mara moja, lakini kubwa!"

Bosi anakohoa. "Mzee, nisamehe. Mtu akiulizwa hivi, si atajisifu tu?"

Mzee anasimama. Hata ndara havai. Anamshika bosi mkono, anamtoa hadi mlango wa pili na kugonga. Mlango unafunguliwa na mama mmoja, mzaliwa wa mji huu, mikono ina povu la sabuni.

"Mzee jamani!" anapaza sauti kabla hajasalimiwa. "Pampu si nimesema naileta jioni? Ndiyo umekuja na mashahidi?"

Bosi anacheka mpaka anaegemea ukuta. Mzee anamgeukia, kidevu juu.

"Andika."

Hapo hapo kwenye korido bosi anapiga simu ofisini. Swali liingie, namba thelathini na mbili! Mama Maswali anapiga kigelegele, milango minne inafunguliwa kwa mpigo, watu wakidhani kuna harusi. Mwezi ujao swali lake litaulizwa katika familia elfu moja na mia mbili, na darasa na chumba cha mikutano haviguswi mpaka majibu yarudi.

Lakini yeye ameshafika mbali zaidi. Tayari ameandika maswali mengine saba, ya kwenda kwa wenyeji.

"Kila mwaka tunapima wageni wamefika wapi," anasema. "Sasa na wenyeji wapimwe! Mwakani nigonge kwao niwaulize, kwa mgeni yupi umewahi kwenda kuazima kitu?"

"Na utaanzia kwa nani?" anauliza bosi.

"Kwako, bosi."

Bosi ni mzaliwa wa mji huu huu. Anajikuna shingo.

"Nipe mpaka Jumatatu," anasema.