Aliyezikwa kwa Adabu

Uongo wangu naujua mwenyewe, na Mwalimu Mkuu anao mwingine ameuandika daftarini. Kisa hiki hakimo. Haya yamenikuta mimi, kwa miguu hii hii, tena mchana kweupe. Najua wengi mnapenda mizimu itembee usiku kama fisi. Huyu wangu nilimkuta jua likiwa utosini, ameketi kama mtu anayengoja chai.

Shule yetu ya kati iko juu, kwenye uwanda wa Iramba. Kwetu ni chini kabisa, ufukoni mwa ziwa Kitangiri. Katikati kuna njia ya miguu inayopanda bondeni, msitu huku na huku, na penye mwinuko mkali kuna maporomoko ya maji. Kiangazi ni jasho la mwamba tu. Masika yananguruma mpaka hujisikii ukipiga mluzi. Na siku hiyo ilikuwa masika.

Kwa nini nilikuwa njiani Jumatatu, wenzangu wako darasani? Nilikuwa nimefukuzwa. Nilimwigiza Bwana Mkaguzi, yule Mzungu, anavyovuta pumzi puani kabla ya kusema "Vizuri sana." Darasa likacheka, kisha likanyamaza ghafla. Mnajua maana ya darasa kunyamaza ghafla. Alikuwa nyuma yangu.

Mwalimu Mkuu akasema, "Nenda kwa baba yako. Lete barua ya kuomba radhi yenye dole gumba lake kabla ya kengele ya jioni Jumatatu. Usipoileta, nafasi yako anaipata mwingine." Na wengine walikuwapo, wamejaa tele, wakiniombea mabaya.

Karani wa baraza akaandika barua. Baba akabonyeza dole lake, akanitazama. "Safari nyingine dole hili litashika fimbo," akasema, akaswaga ng'ombe kwenda mbuga ya Wembere, safari ya siku nyingi. Kwa hiyo barua ilikuwa moja tu. Ikipotea, nimekwisha.

Sasa, pale maporomokoni nikamkuta mtu juu ya jiwe bapa. Amevaa koti zito la manamba, yale wanayorudi nayo kutoka mashamba ya mkonge Tanga, na pembeni ana sanduku la bati.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitika marahaba. "Wa wapi wewe?"

"Mnyiramba, wa ziwani."

"Alaa! Ndiyo maana nasikia harufu ya mlenda."

"Na wewe je?"

"Msukuma, ng'ambo ya mbuga."

Basi! Mtani wangu huyo, na kwenye utani umri unawekwa kando pamoja na viatu. Nikamwambia michembe, vile viazi vyao vya kukausha, imemvimbisha kichwa. Akasema sisi Wanyiramba tukipita hata mawe yanaficha watoto wake. Nikacheka. Nikiwa bado nacheka akanyoosha mkono, akachomoa barua mfukoni mwangu kama mtu anayechuma pera.

"Nimeteka!" akasema.

Hapo sikucheka tena. Kitu alichoteka mtani hakirudi bure, hukombolewa. Nikampa kiazi changu cha kuchoma, akakisukuma kando. Nikampa mkanda wangu, akauliza kama ni wa kumfungia panya. Jua lilikuwa linasogea. Hasira ikanipanda, nikamtupia tusi letu la siku zote.

"Subiri ufe wewe! Nitakuja kulala kaburini mwako, nisitoke mpaka ndugu zako walete mbuzi."

Akaacha kucheka. "Umechelewa," akasema.

Ndipo nikaangalia vizuri. Shati langu lilikuwa limelowa kwa manyunyu. Koti lake lilikuwa kavu. Tone likimfikia halikusimama. Lilipita katikati yake likaanguka juu ya jiwe alilokalia. Niliona kwa macho yangu. Mngekimbia? Semeni kweli. Mimi sikukimbia, wala si ushujaa. Barua ilikuwa kwake. Tena nikiri jambo moja: nilitaka sana kuingiza kidole nione kitatokea wapi.

Akaonyesha lundo la mawe kando ya njia. Sisi watoto wa ziwani tukipita pale hutupia jiwe, safari iwe njema. Hakuna aliyewahi kuuliza chini kuna nini.

"Chini niko mimi," akasema. "Miaka mitatu nimekata mkonge. Nikarudi kwa miguu, homa ikanishika, nikafia hapa. Kwetu kunaonekana kabisa, tazama kule. Walionizika ni wapita njia, watu wa mbali, hakuna mtani kati yao. Walinizika kwa adabu." Alitamka "adabu" kama mtu anayesema alichapwa. "Walisimama, wakainamisha vichwa, wakafukia. Hakuna hata mmoja aliyenitukana. Sasa nitaondokaje?"

Kwetu maiti huagwa na mtani wake, anayemtukana na kumwigiza, ndipo aondoke.

"Wewe unajua kuigiza watu?" akauliza.

Jamani! Kazi ile ile iliyonifukuzisha shule.

Akanivika koti lake. Niaminini, lilikuwa na uzito wa mtoto aliyelala. Nikabeba sanduku lake kichwani, nikapanda njia nikikohoa na kuchechemea kama mtu anayerudi kutoka Tanga na homa.

"Mguu wa kushoto, mjinga!" akaniita kutoka nyuma. "Panga la mkonge lilinikata wa kushoto."

Nikabadilisha mguu. Nikaenda mbele ya yale mawe, nikaangua kilio cha uongo. "Ewe mla michembe! Ulikwenda pwani kutafuta utajiri, umerudi na sanduku tupu! Nani sasa atamaliza ugali wa kijiji? Ng'ombe wenu wamefurahi, wamepumzika kunusa kwapa lako!" Kisha nikalala chali juu ya kaburi lake. "Sitoki! Leteni mbuzi, tena mnono!"

Akacheka. Kwanza kicheko kilitoka jiweni alipokuwa ameketi. Kisha kikahama, kikatoka chini yangu, na mawe yakatikisika mgongoni mwangu kama tumbo la mtu anayecheka mpaka anashika mbavu. Nikacheka naye, machozi yakinitoka, na sijui mpaka leo yalikuwa ya nini.

Halafu mawe yakatulia. Maji peke yake yakinguruma. Koti halikuwa tena mwilini mwangu, sanduku halikuwapo. Barua ilikuwa kifuani pangu, imekunjwa kama nilivyoikunja.

Nilikimbia mlima ule kama swala. Nikafika mpiga kengele ameinua chuma. Mwalimu Mkuu akafungua barua, akakunja uso.

"Mbona madole mawili?"

Chini ya dole la baba la wino kulikuwa na jingine, la maji. Nikamwambia ni la mtani wangu. Akaligusa, akajifuta kidole kwenye suruali. Akaianika barua dirishani, jua likaipiga siku nne, dole lile halikukauka. Siku ya tano akaifungia kabatini, akaniambia nirudi darasani na nisimwambie mtu. Ndiyo kwanza nawaambia.

Nafasi yangu ninayo. Lakini tangu siku ile simwigizi mtu nikamtoa sawasawa. Nikimwigiza mpishi wetu, anachechemea. Nikimwigiza mwalimu wa hesabu, anachechemea. Daima mguu wa kushoto. Wenzangu wanacheka, wanadhani ni kionjo changu kipya. Nimejaribu kuuacha, hautaki.

Basi nawaonya. Mtani wako akifa, usiseme njia ni mbali, usiseme mvua. Nenda ukamtukane. Ukimwacha azikwe kwa adabu, atakaa njiani akingoja Mnyiramba mmoja mpumbavu apite, na huyo anaweza kuwa mwanao.